Sheria za soka ambazo waamuzi wanaogopa kuzitumia: tuzibadilishe au tuzisimamie kwa ukali?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Mjadala wowote kuhusu sheria za soka huishia kwenye VAR (waamuzi wanaokagua matukio kwa video) na kuotea, kana kwamba sheria nyingine zote zinafanya kazi bila tatizo. Naomba katika uzi huu tuanzie mahali pengine, kwenye zile sheria ambazo zimeandikwa waziwazi, kila mwamuzi amezikariri, kila mchezaji anazijua, na bado huvunjwa mbele ya macho ya uwanja mzima bila kipenga kulia. Hoja yangu ni kwamba nyingi kati ya hizo zimekufa kwa sababu moja: adhabu iliyowekwa ni kubwa kuliko kosa lenyewe, na mwamuzi mwenye akili timamu, akiyapima hayo mawili kwa nusu sekunde aliyonayo, huona ni heri afumbe macho.

Ushahidi mzuri zaidi ni ule wa makipa. Tangu mwaka 2000 sheria ilimtaka kipa asikae na mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde 6, na akizidisha, wapinzani walipaswa kupewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya eneo la hatari. Ili kuelewa kwa nini waamuzi waliikimbia adhabu hiyo, fikirini ilivyokuwa ikitekelezwa: mpira unawekwa mita chache kutoka golini, timu nzima inajipanga juu ya mstari wa goli, washambuliaji wanajazana mbele yao, watu wanasukumana na kubishana kwa dakika mbili, na bao linaweza kupatikana kwa sababu tu kipa alichelewa sekunde tatu. Novemba 2015, Liverpool ilipocheza na Bordeaux katika Ligi ya Europa, kipa wa Liverpool, Simon Mignolet, aliukumbatia mpira kwa zaidi ya sekunde 20 hadi mwamuzi akachoka, na Henri Saivet wa Bordeaux akafunga kutokana na adhabu hiyo. Watu waliikumbuka mechi ile kwa miaka kwa sababu hawakuwa wamewahi kuona adhabu hiyo ikitolewa.

Kisa cha Kanada kilikuwa kichungu zaidi. Katika nusu fainali ya soka la wanawake ya Olimpiki ya mwaka 2012, Kanada ilikuwa ikiongoza Marekani kwa mabao 3 kwa 2 pale kipa Erin McLeod alipoadhibiwa kwa kuchelewesha mpira. Mpira wa adhabu uliopigwa ukagonga mkono wa mchezaji wa Kanada, ikatolewa penalti, Abby Wambach akasawazisha, na Marekani ikashinda 4 kwa 3 katika muda wa nyongeza. Kisheria mwamuzi alikuwa na hoja. Lakini sheria ambayo haitumiki kwa miaka, kisha ikaibuka siku moja katika nusu fainali, haina tofauti na mtego.

Kuanzia Julai 2025, Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Soka (IFAB) ilibadilisha mambo mawili. Kipa alipewa sekunde 8 badala ya 6, na adhabu ikawa mpira wa kona. Mwamuzi huinua mkono na kuhesabu sekunde tano za mwisho ili kila mtu aone. Angalieni kilichotokea hapo: muda umerefushwa, adhabu imepunguzwa, na bado sheria imekuwa kali kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa sasa mwamuzi yuko tayari kuitumia bila kuhisi kwamba ameamua mechi. Katika majaribio yaliyotangulia, kona za aina hii zilikuwa chache mno, kwa sababu makipa waliachia mpira mapema walipoona mkono umeinuliwa.

Sasa tuupeleke mfano huo kwenye kushikana wakati wa kona, ambako mimi naona ndiko kwenye aibu kubwa kuliko zote. Sheria ya 12 haina utata: kumshika mpinzani ni kosa la mpira wa adhabu wa moja kwa moja, na likitendwa na beki ndani ya eneo lake la hatari, ni penalti. Tazameni kona yoyote. Beki amekwisha kuzungusha mkono kiunoni mwa mshambuliaji, mkono wa pili umekamata jezi begani, na uso wake umemwelekea mtu, mpira hautazami kabisa. Mpira unapaa, wote wawili wanakwenda chini, mchezo unaendelea. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018, Uingereza ilipocheza na Tunisia mjini Volgograd, mshambuliaji wa Uingereza Harry Kane aliangushwa kwa kukumbatiwa zaidi ya mara moja kwenye mipira ya kona, VAR ikiwapo, na hakupewa penalti hata moja; lakini katika mechi hiyohiyo mkono wa Kyle Walker uliomgonga Fakhreddine Ben Youssef ulizaa penalti kwa Tunisia. Anayeweza kueleza tofauti ya makosa hayo kwa kutumia maandishi ya sheria peke yake, namwomba aifanye kazi hiyo hapa.

Sababu halisi ni kwamba penalti hufungwa takriban mara tatu katika kila nne. Mwamuzi akiifuata sheria neno kwa neno atatoa penalti nne au tano kwa mchezo mmoja, na hakuna mwamuzi atakayepangiwa mechi nyingine baada ya hapo. Kwa hiyo hupuliza kabla kona haijapigwa, huwaita wawili hao, huwaonya kwa vidole, kisha hurudi mahali pake na ushikanaji unaanza upya. Wengi hawajui kwamba wakati ule hana hata kosa la kuadhibu kwa mpira: mpira haujaingia mchezoni, hivyo anachoweza kutoa ni kadi tu. Mabeki wanaujua mwanya huo vizuri.

Pendekezo langu ni kwamba kushikana kusikomnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga kuadhibiwe kwa mpira wa adhabu wa moja kwa moja kutoka kwenye mstari wa eneo la hatari, mahali palipo karibu zaidi na kosa, na penalti ibaki kwa makosa yanayolingana nayo. Adhabu iwe ndogo, itolewe kila mara. Baada ya wiki tatu za ligi mabeki watakuwa wameacha.

Nina jambo la pili, nalo ni muda, ila nitalieleza baadaye nikishasikia maoni yenu kuhusu hili.

Namba Sita

Mkuu mleta mada, nakubaliana na msingi wa hoja yako, ila naona umeiacha rafu inayoharibu soka kuliko kushikana kwenye kona, yaani ile rafu ya makusudi katikati ya uwanja inayofanywa ili kuvunja shambulizi la kushtukiza.

Katika fainali ya Euro 2020, iliyochezwa Julai 2021, Bukayo Saka wa Uingereza alikuwa amekwisha kumpita Giorgio Chiellini karibu na mstari wa pembeni. Beki yule wa Italia akanyoosha mkono, akaikamata kola ya jezi na kumvuta kwa nyuma hadi chini, kisha akapokea kadi ya njano kwa utulivu wa mtu anayelipa nauli. Simlaumu hata kidogo. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hapo ndipo penye kasoro: sheria ilimuuzia shambulizi zima kwa bei ya kadi moja, naye alikuwa na uwezo wa kuilipa.

Timu zenye akili zimekwenda mbali zaidi. Zinagawana rafu. Kiungo mmoja anavuta jezi dakika ya kumi, mwingine anakwatua dakika ya kumi na saba, wa tatu anasukuma mgongoni dakika ya ishirini na mbili, na hakuna hata mmoja anayefikia kiwango cha kuadhibiwa kwa kurudia makosa, kwa sababu kifungu hicho kinamhusu mchezaji mmoja mmoja na hakihesabu makosa ya timu. Katika futsal, yaani soka la ndani la wachezaji watano kila upande, ambayo inasimamiwa na FIFA hiyohiyo, tatizo hili lilitatuliwa zamani. Rafu za timu huhesabiwa katika kila kipindi, na kuanzia ya sita wapinzani hupiga mpira wa adhabu wa moja kwa moja pasipo ukuta. Mchezaji anayetaka kuvuta jezi hulazimika kwanza kufikiria wenzake wamefikisha rafu ngapi.

Sisemi idadi iwe ileile katika uwanja mkubwa. Nasema kanuni ya kuhesabu rafu za timu iingizwe, hata kama idadi itawekwa juu kwa kuanzia, kwa kuwa kadi ni adhabu ya mtu na rafu hizi ni mkakati wa timu.

Kibendera

Wakuu, niruhusuni nipinge kidogo. Wahenga walisema sheria ni msumeno, na mimi nina wasiwasi na sheria zinazopunguzwa makali ili mwamuzi asione haya kuzitumia. Leo tunasema penalti ni kubwa mno kwa kosa la kushikana. Kesho beki atagundua kwamba mpira wa adhabu kutoka mstarini, wenye ukuta wa watu watano, hufungwa mara chache sana kuliko penalti, na atamkumbatia mshambuliaji kwa moyo mkunjufu zaidi kuliko sasa. Mfano wa kipa haufanani na huu, kwa sababu kipa anayeachia mpira sekunde ya saba hapotezi chochote kikubwa, lakini beki anayemwachia mshambuliaji mrefu aruke peke yake anaweza kupoteza bao.

Mimi napenda zaidi mwelekeo mwingine: adhabu iongezwe pale kosa linapoiba bao lenyewe. Hapa nitaitaja Ghana, na najua nitafungua kidonda. Julai 2, 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, matokeo bao 1 kwa 1, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza. Dominic Adiyiah wa Ghana anapiga kichwa, kipa ameshapitwa, na Luis Suárez wa Uruguay akiwa juu ya mstari anaunawa mpira kwa mikono miwili. Alipewa kadi nyekundu, Ghana ikapewa penalti, Asamoah Gyan akagonga mtambaa wa panya, na Uruguay ikashinda kwa mikwaju 4 kwa 2. Kila kipengele cha sheria kilitekelezwa siku ile, mwamuzi hakukosea popote, na bado timu iliyokuwa imefunga ndiyo iliyopanda ndege kurudi nyumbani. Afrika ilisubiri hadi mwaka 2022, Moroko ilipofika nusu fainali.

Raga ina jibu. Pale ambapo bila kosa la mpinzani timu ingefunga bila shaka, mwamuzi hutoa alama za kufunga moja kwa moja. Kwa nini soka isiwe na bao la adhabu, kwa hali moja tu iliyo finyu: mpira uliokuwa ukivuka mstari wa goli ukazuiwa kwa mkono na mchezaji asiye kipa? Zamani tungesema nani atathibitisha kwamba ungeingia. Leo kuna kamera na teknolojia ya mstari wa goli, iliyokubaliwa mwaka 2012 baada ya ulimwengu mzima kuuona mpira wa Frank Lampard wa Uingereza ukidunda ndani ya lango la Ujerumani bila bao kukubaliwa, pia katika Kombe la Dunia lilelile la mwaka 2010.

Mleta mada

Mkuu Kibendera, nimeipokea hoja yako kuhusu beki anayepiga hesabu, na nakiri ina uzito. Jibu langu ni kwamba beki wa leo naye anapiga hesabu, na hesabu yake ni kwamba uwezekano wa kuadhibiwa uko karibu na sifuri. Adhabu ya mstarini ikitolewa mara sita kwa mchezo itamgharimu kuliko penalti isiyotolewa kamwe. Tena kadi ya njano inaweza kuambatana nayo kwa anayerudia.

Kuhusu bao la adhabu, naliunga mkono kwa masharti uliyoyaweka, na linaiunga mkono hoja yangu kwa upande wa pili, kwa kuwa penalti ni adhabu moja inayolazimishwa kutosha makosa yasiyofanana. Kwa kosa la Suárez ni ndogo. Kwa mkono wa Presnel Kimpembe, beki wa PSG ya Ufaransa, ni kubwa mno. Mtakumbuka Machi 2019 jijini Paris, Diogo Dalot wa Manchester United alipopiga shuti la mbali lililokuwa likipaa juu ya lango, Kimpembe akaruka akiwa amegeuza mgongo, mpira ukamgonga mkononi, VAR ikaita, Marcus Rashford akafunga na PSG ikaondolewa katika Ligi ya Mabingwa. Mpira haukuwa ukielekea golini na mchezaji hakuwa akiuona, lakini adhabu ilikuwa ni ileile iliyotolewa kwa mtu aliyeunawa mpira juu ya mstari.

IFAB imekuwa ikiyarekebisha maneno ya kipengele cha kunawa karibu kila msimu. Mwaka 2019 iliandikwa upya, 2020 ukawekwa mpaka wa mkono kuanzia chini ya kwapa, 2021 ikaondolewa ile adhabu ya mkono wa bahati mbaya wa mchezaji anayemtengenezea mwenzake bao. Na bado hakuna shabiki, na nadhani hakuna beki, anayeweza kukueleza kwa uhakika mkono ulio mahali pake ni upi. Beki anakimbia huku mikono ameifunga mgongoni kama mfungwa, jambo ambalo hakuna binadamu anayelifanya akitaka kubaki na mizani yake. Nadhani wanakosea kwa kuendelea kuchonga maelezo ya kosa wakati kinachohitaji kuchongwa ni adhabu. Mkono usio wa makusudi, ambao haukuzuia mpira uliokuwa ukielekea golini, ungeadhibiwa kutoka mstarini, na nusu ya kelele za kila wiki zingekwisha.

Mkuu Namba Sita, hesabu ya rafu za timu ni wazo zuri kuliko kadi za rangi mpya. Lile pendekezo la kadi ya bluu, la kumtoa mchezaji nje kwa dakika 10, lilikataliwa mwaka 2024 kwa ngazi za juu, ingawa utaratibu wa kutolewa kwa dakika 10 kwa utovu wa nidhamu umekuwa ukitumika katika soka la ngazi za chini Uingereza. Wasiwasi wangu ni kwamba timu iliyobaki na watu kumi itakachofanya ni kurundikana nyuma na kupoteza muda kwa dakika zote hizo, na sisi watazamaji ndio tutakaokuwa tumeadhibiwa.

Chaki

Naomba niongeze mawili, moja refu na moja fupi.

La kwanza ni kuotea. Mleta mada amelikwepa, lakini haliepukiki, kwa sababu ni kinyume kamili cha hoja yake: hii ni sheria ambayo imekuwa ikitekelezwa kwa ukali usiolingana na lengo lake. Sheria ya kuotea iliwekwa ili kumzuia mshambuliaji asipige kambi langoni. Mwaka 1925 ilipobadilishwa, ikahitaji wapinzani wawili badala ya watatu kati ya mshambuliaji na mstari wa goli, mabao ya Daraja la Kwanza Uingereza yaliruka kutoka 1,192 hadi 1,703 katika msimu mmoja uliofuata. Mwaka 1990 ikaongezwa kwamba aliye sambamba na beki hajaotea. Mabadiliko yote mawili yalimpendelea mshambuliaji. Teknolojia ya kuotea ya Kombe la Dunia la Qatar 2022, yenye kamera 12 zinazofuatilia sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji na kihisi kilicho ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, imelifuta kabisa neno sambamba. Hakuna tena aliye sambamba. Kuna aliyezidi kwa ncha ya kiatu na asiyezidi.

Pendekezo la Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, kwamba mshambuliaji asihesabiwe kuwa ameotea iwapo sehemu yoyote ya mwili wake inayoruhusiwa kufunga iko sambamba na beki, nalipenda kwa roho yake. Lakini tusidanganyane kwamba litaondoa milimita. Litauhamisha mstari tu, na mabishano ya kidole cha mbele yatakuwa mabishano ya kisigino cha nyuma. Tofauti yake ni kwamba mshambuliaji atakayekataliwa bao atakuwa amempita beki kwa mwili mzima, na hapo hata mimi sitamwonea huruma.

La pili ni kibendera kinachocheleweshwa, na hili ni la kusimamiwa kwa ukali, halihitaji sheria mpya. Mwamuzi msaidizi anatakiwa kukishikilia kibendera pale tu shambulizi linapokuwa la hatari ya papo hapo na kuotea kwenyewe kuna shaka. Wengi wao siku hizi wanakishikilia hata pale mchezaji alipoachana na beki kwa hatua mbili. Mei 2025, Taiwo Awoniyi wa Nottingham Forest aligonga nguzo ya goli katika shambulizi la aina hiyo dhidi ya Leicester City, akaumia vibaya tumboni, akafanyiwa upasuaji wa dharura na kulazwa katika usingizi wa dawa. Kibendera kingeinuliwa mapema asingefika pale langoni.

Mleta mada

Mkuu Chaki, kuhusu kibendera sina la kuongeza. Sasa niseme kuhusu muda, kama nilivyoahidi.

Sheria ya 7 inaorodhesha mambo ambayo mwamuzi anapaswa kuyafidia: mabadiliko ya wachezaji, majeraha, upotezaji wa muda, utoaji wa kadi, mapumziko ya kunywa maji, ukaguzi wa VAR na mengineyo yanayochelewesha mchezo. Orodha ni nzuri. Katika ligi nyingi kubwa, hata hivyo, mpira huchezwa kwa chini ya dakika 60 kati ya 90, na kibao cha mwamuzi wa mezani kwa miaka mingi kilionyesha dakika tatu kwa mazoea. Huko Qatar mwaka 2022 waamuzi waliagizwa kuihesabu orodha hiyo kwa ukweli, na mechi ya Uingereza na Iran ikaongezwa dakika 14 kipindi cha kwanza, baada ya kipa wa Iran kuumia kichwani, na nyingine 13 zikachezwa kipindi cha pili. Watu walishangaa, ilhali hakuna sheria iliyokuwa imebadilishwa. Kilichobadilika ni kwamba ilikuwa imesomwa. Ligi kadhaa zilijaribu kufuata msimu uliofuata, kisha taratibu dakika zikaanza kupungua tena, kwa kuwa mzigo uliachwa kwa mtu yuleyule.

Na mtu huyo ana mengi ya kufanya. Januari 2022, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Kameruni, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali katika dakika ya 85, akagundua, akaiendeleza, kisha akaimaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Baadaye ilielezwa kwamba joto lilikuwa limemzidi. Watu walimcheka sana mtandaoni, na sikuona sababu ya kucheka. Kilichonishangaza ni kwamba katika mashindano makubwa ya bara zima, saa rasmi ya mchezo ilikuwa kwenye kifundo cha mkono cha mtu mmoja aliyekuwa akikimbia juani, huku wenzake wakiwa wameketi mezani kivulini.

Mwaka 2017 IFAB yenyewe ilichapisha waraka wa mawazo uliogusia vipindi viwili vya dakika 30 huku saa ikisimamishwa kila mpira unapotoka. Wanaopinga husema televisheni zitaingiza matangazo katika kila kusimama, na kwamba viwanja vya ngazi ya chini havina watu wala vifaa. Hoja ya pili naiheshimu. Kwa hiyo naomba hatua ndogo zaidi: dakika 90 zibaki, mwamuzi abaki na kipenga, lakini saa ya kufidia muda ishikwe na mwamuzi wa mezani kila mahali alipo, na ionekane uwanjani. Kipa anayejilaza dakika ya 80 akiona sekunde zinajumlishwa ubaoni mbele ya macho yake atainuka mwenyewe.

Namba Sita

Swali moja, mkuu. Haya yote yanapitia wapi? Watu wengi hudhani FIFA ikitaka jambo linakuwa.

Mleta mada

Haliwi kirahisi hivyo. IFAB ilianzishwa mwaka 1886 na vyama vinne vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. FIFA iliingia mwaka 1913. Leo kuna kura nane, FIFA ina nne na kila kimoja cha vyama vile vinne kina moja, na sheria haibadiliki bila kura sita. FIFA peke yake haiwezi kupitisha kitu, na vyama vinne peke yake haviwezi. Mkiuliza kwa nini mabadiliko huja polepole, jibu liko hapo.

Lakini usimamizi hauhitaji kura sita. Katika Euro 2024, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliamua kwamba nahodha peke yake ndiye atakayemwendea mwamuzi kuuliza uamuzi, na mwingine yeyote atakayemzonga ataonyeshwa njano. Timu ambayo nahodha wake ni kipa iliteua mchezaji wa ndani kwa kazi hiyo. Kumpinga mwamuzi kwa maneno au vitendo kulikuwa kosa la kadi siku zote, na bado duara la watu wanane kumzunguka mwamuzi lilikuwa jambo la kawaida. Katika mashindano yale duara lilipungua kwa sababu wachezaji waliambiwa mapema, wote, kwamba safari hii kadi itatoka kweli.

Kibendera

Sawa mkuu, hapo tumekaribiana. Kushikana kwenye kona basi kuanzie hukohuko: mashindano moja makubwa, tangazo kabla ya mechi ya kwanza, na penalti itolewe kama ilivyoandikwa sasa, bila kupunguzwa makali. Ikishindikana baada ya mechi kumi, nitakuwa wa kwanza kuuunga mkono mstari wako. Ila usisahau jambo moja ambalo hujaligusa kabisa: washambuliaji nao wanashika, tena wengine ndio wanaoanza, na kosa lao likipulizwa adhabu yake ni mpira wa adhabu wa kawaida tu kwa timu inayojilinda. Kwa mstari wako au kwa penalti yangu, mwamuzi bado atalazimika kuona mkono upi ulitangulia.